Sura ya Saba: Kwa Kinga Ukingoni mwa Naviundu

Mwendesha baiskeli anayetafuta utulivu hutafuta maji. Mahali pengi ambako safari za baiskeli zimepata wapenzi, njia zinazosifiwa sana ni zile zinazofuata mto, hasa pale mto unapotanuka na kuchanganyika na bahari: tope linalong'aa, majani marefu, ndege wa kila namna, na upepo usiochanganyika na mngurumo wa magari. Mto hautafuti mlima, kwa hiyo njia inayoufuata huyahurumia magoti. Mto pia hukusanya viumbe, kwa hiyo hata anayekwenda polepole kila saa ana jambo la kutazama.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina mlango mmoja tu wa bahari. Pwani yake haifiki kilomita 40, kule Muanda na Banana, Mto Kongo unapomwagika katika Atlantiki. Hapo ndipo ilipo hifadhi ya mikoko iliyotangazwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nguva wa mtoni wanaishi humo, na kasa hupanda ufukoni kutaga mayai. Kwa mkazi wa Lubumbashi, hifadhi hiyo iko pembe nyingine kabisa ya nchi, na hakuna barabara ya kumfikisha huko kwa urahisi.

Maji yenyewe, hata hivyo, yanafika. Mto mdogo wa Naviundu, unaopita upande wa mashariki wa Lubumbashi na kuupa mtaa jina lake, umo katika bonde la Kafubu. Kafubu huingia Luapula mpakani mwa Zambia. Luapula huingia Ziwa Mweru. Pale Pweto maji hutoka ziwani kwa jina la Luvua, yakakutana na Lualaba huko Ankoro, na Lualaba ikishapita Kisangani ndiyo Mto Kongo. Tone linalopita leo chini ya daraja la mtaani Naviundu limeanza safari ya kwenda kwenye mikoko ya Muanda.

Ndiyo maana kitabu hiki, baada ya kupita kwenye hori na milango ya mito ya pwani ya Afrika Mashariki, kinapanda sasa hadi huku bara, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, kuutazama mto huo ukiwa bado mchanga. Sura hii ina hoja moja: njia tulivu ya baiskeli haianzi na lami wala kibao. Huanza na maji yanayotunzwa. Naviundu ina njia tayari, na ina waendeshaji hodari. Kinachokosekana ni matunzo ya maji.

Njia zilizochorwa na makala

Mgeni akiuliza Lubumbashi njia za baiskeli ziko wapi, ataambiwa hakuna. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukapimwa kwa mistari iliyonyooka kwa ajili ya kazi ya shaba. Leo barabara zake zimejaa malori ya madini, mabasi madogo na pikipiki. Lakini amka mapema, usimame kando ya barabara ya Kasenga kabla jua halijachomoza. Utawaona watu wanaoijua nchi hii kwa magurudumu mawili kuliko mtu mwingine yeyote: wabeba makala, yaani makaa ya miti.

Kinga (ndivyo baiskeli inavyoitwa huku) ya makala haifanani na ile iliyotoka dukani. Fremu imeongezewa vyuma vya kuchomelea, kibebeo cha nyuma kimeng'olewa na kuwekwa kingine cha nondo, na uma wa mbele umefungiwa vipande vya kuuimarisha. Magunia husimamishwa pande mbili, jingine likalazwa juu, kisha yote yakakazwa kwa kamba za mpira uliokatwa kwenye tyubu za gari. Kwenye mteremko mwenye kinga hukandamiza ndala kwenye gurudumu, kwa kuwa breki peke yake haiwezi kuushika mzigo ule. Kwenye mwinuko hushuka na kusukuma, mkono mmoja usukani, mwingine umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko. Jasho linamtiririka hata katika baridi kali ya Juni na Julai, wakati asubuhi za Lubumbashi zinamlazimisha mtu kuvaa sweta.

Hawa ndio wapimaji wa njia. Mtu anayesukuma mzigo mzito kuliko mwili wake haendi ovyo. Anajua ni wapi udongo mwekundu unageuka utelezi mvua ikinyesha, ni wapi mchanga unameza gurudumu wakati wa kiangazi, na ni kijito gani kinavukika kwa magogo mawili. Akiweza kuikwepa barabara kuu yenye malori, ataikwepa. Hivyo vichochoro vyembamba vinavyotoka Naviundu na mitaa jirani kuelekea vijijini, vikizunguka mashamba na kupita chini ya vivuli, vimenyooshwa na kushindiliwa na magurudumu yao. Ukitaka ramani ya njia tulivu za upande huu wa mji, fuata alama za mipira yao.

Anayesafiri kwa kinga kwa raha zake anapaswa kuwapa heshima yao. Kanuni ni rahisi: mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Ukimwona anakuja kwa mteremko, toka kabisa pembeni, kwa sababu hana namna ya kusimama ghafla. Ukimkuta anasukuma mlimani, msalimie, "Jambo, yaya," yaani kaka, kisha shika gunia kwa nyuma umsukumie hatua kadhaa. Akipata pumzi atakueleza hali ya njia mbele yako kwa usahihi usioupata kwenye simu.

Heshima hiyo isitufumbe macho, kwani kila gunia ni miti iliyoanguka. Makala hupatikana kwa kukata miti ya miombo, kuipanga lundo, kulifunika kwa majani na udongo, kisha kuliwasha moto na kulinda moshi wake kwa siku nyingi ili kuni ziungue bila kuwa majivu. Mji umekua, na msitu ulio karibu umerudi nyuma mwaka hadi mwaka, hivi kwamba wabeba makala wanakwenda mbali zaidi kuutafuta.

Nani wa kulaumiwa? Tazama nyaya. Mwaka 1982 ulikamilika mstari mkubwa wa umeme wa kiasi cha kilomita 1,700, kutoka bwawa la Inga, karibu na mwisho wa Mto Kongo, hadi Kolwezi, ili kuendesha migodi ya Katanga, mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba wakati huo. Maji ya Katanga hushuka hadi Inga, yakazungusha mitambo, na nguvu yake ikarudishwa Katanga kuyeyusha shaba. Wakati huohuo jikoni mwa mtaa wa Naviundu sufuria ya bukari, yaani ugali, bado inakaa juu ya mbabula wa makala, kwa sababu umeme wa nyumbani haupo, au unakatika kila mara. Mbeba makala anaziba pengo ambalo mipango mikubwa ililiacha wazi. Atakayetaka kuuokoa msitu aanze na umeme wa jikoni, wala asianze na kumnyang'anya maskini gunia lake.

Dembo na bustani

Ukiacha barabara na kushuka kuelekea mto, nchi inabadilika katika mwendo wa dakika chache. Miti inakoma, na mbele yako linafunguka dembo: bonde pana, tambarare, la majani yasiyo na miti, ambalo hunywa maji ya mvua kuanzia Novemba hadi Machi na kuyaachilia kidogo kidogo miezi ya ukame. Katika nchi inayopata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka, yote ndani ya msimu mmoja, dembo huaminika kuwa ndilo linalosaidia mito midogo isikauke Agosti. Mwendesha kinga atalipenda kwa sababu pembezoni mwake, pale msitu unapokutana na majani, kuna ardhi ngumu, isiyo na mwinuko, yenye kivuli upande mmoja na upeo wazi upande wa pili. Ndiyo njia bora kuliko zote. Katikati usiingie: hata wakati wa kiangazi tope jeusi linakungoja chini ya majani.

Yangeyange hutembea hapo wakifuata wadudu. Fundichuma husimama kwenye maji mafupi akitafuta vyura, na ukitazama kwenye panda za miti mikubwa ya kando ya mto unaweza kuona kiota chake kikubwa ajabu cha vijiti na tope. Anayepita kwa gari haoni lolote kati ya haya. Anayepita kwa miguu huyaona machache kwa siku. Kinga ina mwendo unaofaa: ni ya kutosha kuvuka bonde zima asubuhi moja, na si ya haraka kiasi cha kuwatimua ndege kabla hujawaona.

Karibu na makazi dembo limegeuzwa bustani. Matuta ya lengalenga, matembele, vitunguu na kabeji ya Kichina yamepangwa hadi ukingoni mwa maji, na akina mama hunyweshea kwa makopo, wakichota mtoni na kumwaga juu ya majani. Mboga hizi ndizo zinazouzwa sokoni na kuliwa na mji mzima.

Hapa ndipo safari tulivu inapokutana na ukweli mchungu. Upande huu wa Lubumbashi ndiko shaba ilikoanzia: mgodi wa Kalukuluku, ambao Wabelgiji waliuita Nyota ya Kongo, ulikuwa wa kwanza kuchimbwa na kampuni ya Union Minière, na shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa tarehe 30 Juni 1911. Zaidi ya karne moja baadaye madini yanaendelea kuchimbwa na kusafishwa karibu na makazi. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2017, wataalamu walipima maji na tope la bonde la Naviundu, mito ya Luano na Ruashi, na chemchemi ya Luwowoshi. Walikuta shaba, kobalti na metali nyingine nzito kwa viwango vya kutia wasiwasi. Watafiti wa kilimo nao wamekuta metali kwenye udongo wa bustani za mji na ndani ya mboga zenyewe.

Metali hizi hazionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe, na chini yake tope limebeba miaka mingi ya taka. Metali haziozi kama jani au kinyesi. Hushikamana na chembe za udongo, hukaa sakafuni mwa mto, na mafuriko ya Januari yakija hunyanyuliwa tena na kumwagwa juu ya matuta. Kwa hiyo hata kiwanda kikifungwa leo, mto utaendelea kuwalisha watu taka yake kwa muda mrefu.

Nilisimama kwenye tuta moja kumsalimia mama aliyekuwa akinyweshea, nikamuuliza kama hana wasiwasi na maji yale. Hakukasirika. Aliinua kopo lake, akaonyesha mto, akasema: "Mayi yetu njo hii, papa. Tutafanya namna gani?" Akaendelea kunyweshea. Swali lake ndilo swali la sura hii, na haliwezi kujibiwa na mama yule peke yake.

Kwako wewe msafiri, ushauri ni mfupi. Usinywe maji ya Naviundu hata ukiyachemsha, kwa kuwa moto huua vijidudu lakini hauondoi metali. Usioshee humo matunda wala chupa. Beba maji ya kutosha tangu nyumbani.

Kuingia miombo

Mbali kidogo na nyumba za mwisho, njia za makala zinakuingiza katika miombo: msitu mwepesi wa miti isiyobanana, wenye majani ya kutosha kutoa kivuli na mwanga wa kutosha kuotesha nyasi. Uzuri wake una kalenda. Kuanzia Agosti, kabla tone la mvua halijaanguka, miti huchipua majani mapya mekundu, rangi ya kahawia na ya waridi, na msitu mzima hugeuka hivyo wakati ardhi bado ni vumbi. Mvua zikianza, matunda ya masuku huiva, na wauzaji huyapanga kando ya barabara. Mvua zikikolea unakuja wakati wa uyoga, na hapo mtu wa Lubumbashi huacha shughuli nyingine zote.

Jambo linalomshangaza mgeni kuliko yote ni vichuguu. Vimejengwa na mchwa wa jamii ya *Macrotermes falciger*, na ni vikubwa kiasi kwamba anayeviona mara ya kwanza hudhani ni vilima vya asili: vingine hufikia mita 8 kwenda juu na mita 15 upana wa chini. Wanasayansi walipopima umri wa vichuguu vya eneo la Lubumbashi kwa kaboni, walikuta kimoja ambacho udongo wa kiini chake una zaidi ya miaka 2,000. Kilikuwa kimesimama hapo kabla ya mji, kabla ya reli, na kabla ya misafara ya biashara iliyokileta Kiswahili Katanga.

Simama mbele ya kimoja, uegeshe kinga, ukizunguke taratibu. Miti iliyoota juu yake si ile ya msitu unaokizunguka: ni mizito, ya kijani kibichi, imesokotana na mitambaazi, kwa sababu mchwa wamepandisha kutoka chini udongo laini wenye rutuba na unyevu. Wakulima wanalijua hilo, ndiyo maana hupanda mahindi na maboga kwenye miteremko ya kichuguu. Wafyatuaji wa matofali wanalijua pia, na sehemu kubwa ya nyumba za Lubumbashi zimejengwa kwa udongo wa vichuguu uliofyatuliwa na kuchomwa. Ukiona shimo la mviringo lenye tanuru ya matofali kando yake, umeona mahali ambapo kilima cha karne nyingi kimekuwa mtaa.

Somo kutoka kwa mhandisi wa migodi

Mtu anaweza kuuliza: nchi ya migodi ina nini na utalii wa baiskeli? Jibu lipo, na linatoka kwa wale waliochimba shaba ya Katanga.

Mkoa wa Limburg, Ubelgiji, uliishi kwa makaa ya mawe hadi mgodi wake wa mwisho, ule wa Zolder, ulipofungwa mwaka 1992. Maelfu walikosa kazi. Mhandisi wa migodi aitwaye Hugo Bollen akaja na wazo lililozaliwa na taaluma yake: badala ya kuchora safari moja ndefu yenye mwanzo na mwisho, ipe kila njia panda namba, uweke kibao kinachoonyesha namba za njia panda zinazofuata, na umwachie mwendesha baiskeli ajipangie safari mwenyewe. Mwaka 1995 mtandao huo ulifunguliwa Limburg. Ukaenea sehemu kubwa ya Ubelgiji na Uholanzi, na leo mamilioni ya watu hutembea kwa namba hizo bila kuhitaji kiongozi.

Baadhi ya namba hizo hufika kwenye mlango wa mto Scheldt, mahali ambapo msafiri wa Kongo angepaswa kupatazama kwa makini. Mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi iko hifadhi ya Saeftinghe, kiasi cha hekta 3,500 za tope na majani ya maji ya chumvi kidogo, juu ya ardhi iliyomezwa na mafuriko katika karne ya 16. Baiskeli hupita juu ya tuta la kuzuia bahari, na ndani ya majani huingii bila kiongozi. Mipaka iko wazi: watu huku, ndege kule, na kila mmoja anapata haki yake.

Juu kidogo ya mto huohuo, kando ya Antwerp, iko Hoboken, na huko ndiko sehemu ya shaba ya Katanga ilikopelekwa kusafishwa katika karne ya 20. Kobalti na radiamu ya mkoa huu zilisafishwa Olen, mwendo mfupi kutoka hapo. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na nyingi kati yake huishia kwenye betri, zikiwemo baadhi ya zile zinazosukuma baiskeli za umeme za wazee wanaotembea kimya juu ya tuta la Scheldt.

Sisemi hivi ili kuwaharibia wazee hao safari yao. Nasema kwa sababu utulivu wa ukingo mmoja wa maji una deni kwa ukingo mwingine, na deni lisipotajwa halilipwi. Scheldt yenyewe ilikuwa miongoni mwa mito michafu ya Ulaya, na haikusafika kwa bahati. Ilisafika kwa sheria, kwa mitambo ya kusafisha maji taka, na kwa vipimo vinavyotangazwa hadharani. Kilichowezekana kwa mto uliopokea shaba kinawezekana kwa mto ulioitoa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Msimu mzuri wa kutembea kwa kinga upande wa Naviundu ni kuanzia Mei hadi Agosti. Mvua zimekatika, njia zimekauka, na jua halichomi. Septemba na Oktoba joto hupanda na moshi wa mioto ya porini hufunga kifua, ingawa ndio wakati wa majani mekundu. Kuanzia Novemba udongo hushika mipira hadi magurudumu hukataa kuzunguka. Ukilazimika kutoka, kaa kwenye barabara zilizoshindiliwa.

Chukua kinga yenye mipira mipana, wala usiijaze upepo hadi iwe ngumu kama jiwe, kwa sababu mpira wenye upepo wa wastani hupita mchanga na mizizi vizuri zaidi. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu na kipande cha mnyororo. Pancha ikikushinda, ulizia fundi: karibu kila njia panda yenye kibanda cha biashara ina kijana mwenye beseni la maji na kopo la gundi, na kazi yake huwa safi. Beba pia kitambulisho chako, na usipige picha karibu na uzio wa mgodi, kambi ya jeshi au uwanja wa ndege wa Luano. Ukiingia kijijini, jitambulishe kwanza kwa mkubwa wa mahali. Mgeni aliyesalimia hupewa mtu wa kumwonyesha njia, na mara nyingi kikombe cha munkoyo pia.

Anayetaka safari ndefu ashike mkondo wa maji hadi Luapula. Barabara ya Kasenga inatoka mjini kuelekea kaskazini-mashariki, na mji wa Kasenga wenyewe, kiasi cha kilomita 200 kutoka Lubumbashi, uko ukingoni mwa mto. Kwa miaka mingi samaki wa Luapula na Mweru wamepita hapo kuja kulisha migodi. Kaskazini mwa Kasenga, Luapula hutanuka kuwa mabwawa na mafunjo kabla ya kuingia Mweru. Hakuna chumvi hapo, lakini ni mlango wa mto kwa kila hali nyingine: mikondo inayogawanyika, visiwa vya majani, wavuvi kwenye mitumbwi, na ndege wasiohesabika. Gawa safari kwa siku kadhaa, lala vijijini, uwapishe malori. Kinga hupakiwa vizuri kwenye mtumbwi njia ikikatika. Mpolandi Kazimierz Nowak, aliyezunguka Afrika, sehemu kubwa kwa baiskeli, kati ya 1931 na 1936, alitumia pia njia ya maji humuhumu Kongo: alishuka kwa mashua mito ya Lulua na Kasai.

Naviundu inastahili nini

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na inaipa Serikali wajibu wa kuyalinda. Haki hiyo ikishushwa kutoka kwenye karatasi hadi ukingoni mwa Naviundu, inakuwa mambo manne yanayoweza kufanywa na mji huu.

La kwanza, vipimo vya maji na tope vichukuliwe kila msimu, na matokeo yabandikwe mtaani kwa Kiswahili, mahali ambapo mama wa bustani atayasoma kabla ya kunyweshea. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1955, kina wataalamu wa kazi hiyo. La pili, anayemwaga taka mtoni alipe gharama ya kuziondoa, na alipe pia visima safi vya wakulima aliowaharibia maji. La tatu, uachwe ukanda wa majani na miti pande zote mbili za mto, pasijengwe wala pasilimwe, ili mizizi ishike udongo na mafuriko yapate pa kupumulia. La nne, ndani ya ukanda huo ipite njia ya kinga na ya miguu, njia panda zake zikipewa namba kama alivyofanya yule mhandisi wa Limburg, kuanzia mtaani hadi Kafubu.

Njia hiyo haitakuwa anasa ya watalii. Wa kwanza kuitumia watakuwa wabeba makala, wanafunzi, na akina mama wanaopeleka mboga sokoni, watu ambao leo wanagombania ukingo wa lami na malori. Itagharimu sehemu ndogo sana ya kile ambacho kilomita chache za barabara ya malori zinagharimu. Tena italeta faida ambayo sheria peke yake haiileti: mashahidi. Mto usio na njia unachafuliwa bila kuonekana. Mto unaopitwa kila asubuhi na mamia ya watu kwa mwendo wa kinga, wanaouona na kuunusa, hauwezi kubadilika rangi usiku bila mji mzima kujua kesho yake.

Kwa hiyo usisubiri vibao. Tafuta kinga, jaza chupa yako maji safi, muulize mbeba makala njia ya ukingoni, uende ukautazame mto huo. Kisha rudi ukaseme ulichokiona, kwa mkuu wa mtaa, kanisani, shuleni, redioni. Naviundu inahitaji watu wanaoifahamu, na hakuna njia ya kuifahamu iliyo bora kuliko kuifuata polepole, kwa magurudumu mawili, maji yakiwa upande wako.